Menejimenti inataka tumalize likizo kwanza, kupunguza watu baadaye. Tukubali?

Swali: "Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye taasisi ya umma, Morogoro. Tuko watumishi 312 na chama chetu ndicho kinachotambuliwa. Tulikuwa tunajadili na mwajiri mkataba mpya wa hali bora za kazi, katikati ya majadiliano tukaambiwa taasisi itaunganishwa na nyingine na nafasi kama 60 'zitaangaliwa'. Sasa menejimenti imeleta mambo matatu. Tusaini kwanza kipengele cha likizo, ambacho kinageuza nauli ya likizo kuwa kiwango kimoja cha mkupuo kwa wote. Suala la kupunguza watu tuliache mpaka muundo mpya utoke. Na wote wenye likizo za nyuma waende likizo mwezi huu. Afisa utumishi anasema kuhusu muungano tulishashirikishwa kwenye baraza la wafanyakazi. Wanachama wamegawanyika, wengine wanasema tuchukue kilichopo. Na nimesikia kwamba hata mimi nimo kwenye orodha. Tufanyeje?"

Ndugu Katibu,

Msisaini chochote cha likizo kabla suala la kupunguza watu halijaingia kwenye ajenda hiyohiyo, kwa maandishi. Mambo matatu mliyoletewa ni jambo moja lililokatwa vipande. Angalia mtumishi wa kawaida anapopunguzwa anaondoka na nini: siku za likizo alizolimbikiza, nauli za likizo ambazo hajalipwa, notisi, kiinua mgongo, na gharama za kurudisha mizigo kwao. Mkishusha viwili vya kwanza leo, hesabu yake ya mwisho imeshapungua hata kabla orodha haijabandikwa. Menejimenti inalijua hilo. Si lazima iwe na nia mbaya. Mhasibu wa taasisi inayounganishwa anatakiwa apeleke madeni machache iwezekanavyo upande wa pili, na njia rahisi ya kupunguza madeni ni kuyafuta kabla hayajaandikwa.

Nianze na likizo, kwa kuwa ndiko mnakoweza kufanya kazi kuanzia Jumatatu bila kumsubiri mtu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawahusu watumishi wa umma wa Tanzania Bara pia, ukiondoa majeshi, polisi, magereza na JKT. Inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka katika kila mzunguko wa miezi 12. (Namba za vifungu nitakazotaja ni za Sheria kama ilivyotungwa. Toleo lililorekebishwa limezisogeza, kwa hiyo mkitafuta tumieni kichwa cha kifungu.) Hizo siku 28 kila mtu anazijua. Wanachosahau wengi ni mkia wa kifungu cha 31: likizo inatakiwa ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 ikiwa mfanyakazi amekubali na shughuli za mwajiri zinahalalisha kusogeza. Siku ambazo hazikuchukuliwa ndani ya muda huo na kwa masharti hayo, Sheria haimlazimishi mwajiri kuzilipa ajira inapokoma. Kwa hiyo yule mzee wa stoo anayejisifu kwamba ana likizo za miaka minne kibindoni, kisheria huenda ana ya mwaka mmoja na ushee tu. Hizo nyingine ni maneno.

Huenda. Kinachoamua ni karatasi. Chukueni fomu moja ya likizo mwangalie sehemu ya chini, pale mkuu wa idara anapoandika maoni. Nimeona nyingi zilizoandikwa "Asubiri, kazi ni nyingi", sahihi, basi. Hakuna tarehe mpya wala sahihi ya mtumishi kukubali. Fomu ya namna hiyo inaonyesha kwamba mtumishi aliomba na mwajiri ndiye aliyezuia, na hapo mna hoja nzito mezani: mwajiri hawezi kumnyima mtu likizo kwa sababu zake mwenyewe, kisha amwambie siku zimekufa. Lakini yule ambaye hakuomba kabisa, aliyekaa kimya kwa miaka akidhani anaweka akiba, hana kitu cha kuonyesha. Kwa hiyo teueni wanachama wawili makini, wapite idara kwa idara, kila mtumishi alete fomu zake au atoe kumbukumbu za maombi yake kwenye ESS, mfumo wa kielektroniki wa watumishi, mwandike daftari la tawi: jina, mzunguko, siku alizoomba, siku alizopewa, nani alizuia na lini. Likikamilika lipelekeni kwa afisa utumishi alilinganishe na la kwake na asaini pale mnapokubaliana. Hiyo sahihi ina thamani kuliko vikao vitatu vya kubishana.

Sasa hili la wote kwenda likizo mwezi huu. Mwajiri ana haki ya kupanga lini likizo ichukuliwe, na kwa mwenye siku ambazo ziko karibu kupitwa na muda, kwenda ni jambo jema. Asikatae. Ila someni kifungu cha 41 kuhusu notisi: notisi ya kuachishwa kazi haitolewi mtu akiwa likizo, na haiendi sambamba na likizo. Kadhalika likizo ya mwaka haiwekwi badala ya likizo nyingine ambayo mtu anastahili, wala badala ya muda wa notisi. Nasema haya kwa sababu mchezo wenyewe ni wa zamani: watu 60 wanapelekwa likizo pamoja, wanarudi wanakuta ofisi zimehamishwa na barua zina tarehe ya wakati wakiwa vijijini. Jibuni kwa barua fupi kwamba mnakubali wenye siku waende kwa ratiba, kwamba mnaelewa hakuna notisi itakayotolewa wala kuhesabiwa katika kipindi hicho, na kwamba hakuna kikao cha mashauriano kitakachofanyika viongozi wa tawi wakiwa likizo. Wewe binafsi usiende mwezi huu hata ukibembelezwa.

Kuna likizo nyingine ambazo hazifai kuguswa kabisa kwenye mapatano ya haraka haraka. Uzazi ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mabadiliko ya sheria ya 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua njiti. Ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Baba ana siku tatu, ambazo kwa maoni yangu ni aibu, na mkataba wa hali bora ndio mahali pa kuziongeza. Mkipata nafasi ya kudai kitu kisicho na gharama kubwa kwa mwajiri, anzeni hapo. Na hakikisheni kwamba hakuna mtu anayeingizwa kwenye orodha ya kupunguzwa kwa sababu ni mjamzito au yuko likizo ya uzazi. Ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, iwe imeandikwa waziwazi au imefichwa chini ya neno "upatikanaji".

Nauli ya likizo. Kwa utaratibu wa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, mtumishi hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, yeye, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne. Menejimenti inataka kiwango cha mkupuo kwa wote. Kwa anayetoka Kilosa ni neema, kwa anayetoka Kagera au Rukwa ni hasara, na ndiyo sababu wanachama wako wamegawanyika. Pendekezo limetengenezwa hivyo. Mimi nisingelikataa moja kwa moja. Ningesema mkupuo uwe ndio kiwango cha chini kwa kila mtu, na anayeishi mbali abaki na haki ya kulipwa kwa umbali halisi. Lakini kabla ya hapo ulizeni deni. Taasisi nyingi za umma zina malimbikizo ya nauli za likizo yaliyokaa kwenye kundi la madai yasiyo ya kimshahara, yanasubiri uhakiki wa mkaguzi wa ndani. Kama kwenu yapo, jadilini kwanza kulipwa kwa yale ya nyuma ndipo mzungumzie viwango vya mbele. Mtu anayedai nauli mbili hajadili ya tatu.

Sasa tuje kwenye kupunguza watu, au redandansi kama wanavyoiita wale waliopitia miaka ya 1990, Serikali ilipopunguza watumishi wapatao 50,000 ndani ya miaka michache kwa masharti ya marekebisho ya uchumi. Wakati ule ilikuwa barua, malipo, kwaheri. Leo kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri afanye mambo kwa mpangilio: atoe taarifa ya kusudio mara tu anapofikiria kupunguza, atoe taarifa zote muhimu zitakazowezesha mashauriano ya kweli, ashauriane kabla ya kupunguza. Na kinataja ashauriane juu ya nini: sababu za kupunguza, hatua za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na kiinua mgongo.

"Tusubiri muundo mpya utoke" kwa hiyo ni hoja iliyopinduka. Muundo ukishatoka, sababu imeshaamuliwa, idadi imeshaamuliwa, na kilichobaki cha kushauriana ni nani na lini. Sheria inasema mara tu kusudio linapofikiriwa, na kama menejimenti imeshatamka kwamba nafasi 60 "zitaangaliwa", kusudio lipo. Mlipolisikia hilo mezani, je, liliandikwa kwenye muhtasari wa kikao? Kama halikuandikwa, andikeni barua leo: "Katika kikao cha tarehe fulani tulifahamishwa kwamba nafasi zipatazo 60 zitaangaliwa kutokana na muungano. Kwa mujibu wa kifungu cha 38 tunaomba taarifa zifuatazo." Wakijibu kwamba hawakusema hivyo, vizuri, mna barua inayosema hakuna kusudio. Wakinyamaza, barua yenu ndiyo kumbukumbu.

Ombeni nini? Ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi, ya sasa na inayopendekezwa, nafasi kwa nafasi. Bajeti ya mishahara. Waraka au uamuzi ulioelekeza muungano. Nafasi zilizo wazi kwenye taasisi mtakayounganishwa nayo. Idadi ya watumishi wanaostaafu ndani ya miaka miwili ijayo. Hii watu huisahau, na inaweza kula sehemu ya tatizo bila mtu kufukuzwa. Mwajiri aliyekitambua chama ana wajibu wa kutoa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, ukiacha za siri halali na za faragha za mtu binafsi. Atakuambia kila kitu ni siri. Mwambie ataje ni ipi na kwa nini.

Kuhusu baraza la wafanyakazi, afisa utumishi wenu anachanganya vyombo viwili, na sidhani kama anafanya hivyo kwa bahati mbaya. Mabaraza yana historia ndefu nchini kwetu, tangu Agizo la Rais Namba 1 la 1970, na yanatambuliwa leo na Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma ya 2003. Yana kazi yake nzuri, hasa kupitia bajeti ya taasisi. Lakini mwenyekiti wake ni mtendaji mkuu mwenyewe, na wakuu wa idara wamejaa humo. Kifungu cha 38 kinataja wa kushauriana nao: chama kinachotambuliwa, chama chochote kilichosajiliwa chenye wanachama ambao hawawakilishwi na hicho, na wafanyakazi wasiowakilishwa na chama. Baraza halimo. Mtendaji mkuu kusoma slaidi mbili za muungano mbele ya baraza, kisha chai, hakujafanya mashauriano. Nendeni mkachukue muhtasari wa kile kikao cha baraza. Mkikuta idadi, vigezo na kiinua mgongo havikutajwa, ambatisheni nakala kwenye barua yenu.

Halafu vigezo. Hapa ndipo watu huumizana wenyewe kwa wenyewe. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinasema mkikubaliana vigezo ndivyo vitumike, msipokubaliana mwajiri atumie vigezo vya haki vinavyopimika, na kigezo kinachojulikana zaidi ni aliyeingia mwisho atoke kwanza, huku ujuzi wa lazima ukilindwa. Vijana wenu watakipinga, na wana hoja. Ila mbadala utakaoletwa ni alama za PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Mfumo huo ni mgeni, viongozi wengine hawajaidhinisha kazi za watu wao kwa wakati, na mtu mwenye alama ndogo anaweza kuwa ndiye aliyefanya kazi zaidi ila msimamizi wake hakufungua kompyuta. Nisingekubali PEPMIS iwe kigezo kikuu. Iwe ya kutenganisha waliolingana, na kila mtu aonyeshwe alama zake na apewe nafasi ya kuzipinga kabla hazijatumika.

Kabla ya vigezo, hata hivyo, pigania idadi. Ninyi si kiwanda cha mtu binafsi. Desemba 2023 Serikali ilipotangaza kuunganisha taasisi na mashirika 16 na kufuta manne, hoja ilikuwa kupunguza majukumu yanayogongana, na halmashauri na taasisi nyingine zikawa bado zinalia upungufu wa watu. Ofisi ya Rais, Utumishi, ina mamlaka ya kuhamisha mtumishi kutoka taasisi moja hadi nyingine. Dai lenu la kwanza kwa maandishi liwe kwamba hakuna atakayepunguzwa kabla ya orodha ya nafasi za uhamisho kutafutwa na kutolewa. Mkuu wa taasisi yenu atasema hilo liko juu ya uwezo wake. Kweli, kwa hiyo anayeweza aandikiwe na chama ngazi ya taifa, ninyi mpate nakala. Hapo ndipo ada zenu za uanachama zinatakiwa zifanye kazi.

Lakini tahadharini na uhamisho wenyewe. Mfanyakazi anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi anapoteza kiinua mgongo. Nimeona mama mwenye mtoto anayehudhuria kliniki maalumu akipelekwa wilaya isiyo na huduma hiyo. Akikataa kimya kimya, faili linaandika "amekataa". Kila anayekataa aandike sababu zake, aambatishe ushahidi, na apitishie tawi.

Mkifika kwenye fedha mjue sakafu iko wapi, maana ni chini kuliko watu wanavyodhani. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakoma kwenye miaka 10. Chukua mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Siku moja ni 780,000 kugawa kwa 26, yaani 30,000. Siku saba ni 210,000. Mara miaka 10 ni 2,100,000. Amefanya kazi miaka 19? Ni ileile 2,100,000. Miaka tisa ya jasho haina hesabu. Ndiyo maana nasema kipengele cha kiinua mgongo kiingie kwenye mkataba wa hali bora sasa, wakati menejimenti bado inahitaji sahihi yenu kwenye jambo la likizo. Ondoeni ukomo wa miaka 10. Ombeni mwezi mmoja kwa kila mwaka, mjue mtashuka. Mkipata wiki mbili bila ukomo, mtumishi huyohuyo anatoka na mara karibu nne ya sakafu ya sheria.

Vingine vya lazima viandikwe hata kama sheria inavitaja, kwa kuwa mkataba ukivitaja hakuna atakayejifanya hakuvisikia. Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ila someni kanuni za utumishi za taasisi yenu na barua za ajira, huenda zinatoa zaidi. Likizo ya mzunguko ambao haujakamilika hulipwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Aliyeajiriwa mahali pengine anasafirishwa yeye, familia na mizigo hadi alikoajiriwa, na akicheleweshwa analipwa posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaamsha wahasibu: deni linakua kila siku wasipolipa, kwa hiyo hulipwa. Cheti cha utumishi kila mtu apewe siku ya kuondoka.

Upande wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, PSSSF, kila mwanachama achukue taarifa ya michango yake mwezi huu, wala asisubiri. Kama kuna miezi ambayo mwajiri hakupeleka, hilo ni deni la taasisi na linatakiwa liandikwe kabla ya muungano. Kuna pia fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita, kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi na hakuacha kazi kwa hiari. Kwa hiyo mwanachama asishawishiwe kuandika barua ya kujiuzulu "ili mambo yaende haraka". Barua hiyo inamwondolea fao na kiinua mgongo kwa pamoja.

Tatizo la muungano ambalo sijaona ukiligusa ni mwajiri mwenyewe kutoweka. Wakazi wa Dar es Salaam wanawakumbuka wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, ambao hata miaka ya 2000 walikuwa bado wanaandamana kudai mafao. Mwajiri akifa, deni lisiloandikwa halina baba. Kwenu mambo ni madogo zaidi, lakini kanuni ni hiyohiyo: daftari la likizo, malimbikizo ya nauli, michango na madai yote yaingie kwenye hati ya makabidhiano kati ya taasisi mbili, na sheria au amri itakayounda taasisi mpya iseme wazi kwamba haki na madeni yanayohusu watumishi yanahamia huko. Hilo linapiganiwa wizarani na kwenye kamati ya Bunge, si Morogoro. Mkataba wa hali bora nao uwe na kipengele kwamba unamfunga mrithi wa mwajiri. Usainiwe na pande zote, nakala iende kwa Kamishna wa Kazi. Vipengele vyenye gharama vitahitaji baraka za Msajili wa Hazina na Utumishi, kwa hiyo angalieni kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kisichoingia kwenye maandalizi ya bajeti mtaambiwa ni kizuri sana ila kingoje mwaka kesho.

Na chama chenyewe. Upande wa pili huenda kuna chama kingine kinachotambuliwa. Mkishaunganishwa, anayejadili kwa niaba ya wote ni mwenye wanachama wengi kwenye taasisi mpya, na hesabu inaanza upya. Kutaneni na wenzenu wa tawi lile mapema, kabla menejimenti mbili hazijawapanga muanze kugombania wanachama wakati orodha inaandaliwa.

Mkishindwana kwenye mashauriano, sheria inataka suala liende kwenye usuluhishi kabla ya hatua nyingine, na mwajiri hana ruhusa ya kuruka hapo. Kwa mtu mmoja mmoja ambaye ameshapewa barua, njia ni nyembamba zaidi. Kwa kawaida mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Lakini tangu mabadiliko ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za ndani ya utumishi, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta, ilisema CMA haina mamlaka juu ya mtumishi wa umma. Hivyo wa kwenu anaanzia Tume ya Utumishi wa Umma, na rufaa ina siku 45. Watu wamepoteza miaka kwa kuanzia mlango usio wao. Mwanasheria wa chama makao makuu atoe msimamo wa maandishi juu ya njia ya kufuata kabla barua ya kwanza haijatoka, na msimamo huo ubandikwe kwenye ubao wa tawi.

Kwa wale wanaosema tuchukue kilichopo, waonyeshe ile hesabu ya 2,100,000 kwenye mkutano wa tawi, kwa chaki, kwa mshahara wa mmoja wao aliyekubali kutajwa. Usihutubie sana.

Nimalizie na lako binafsi. Kuwa kiongozi wa chama hakukupi kinga ya kutopunguzwa; nafasi yako ikifutwa kihalali, imefutwa. Ila uanachama na shughuli halali za chama haziwezi kuwa sababu ya kukuachisha, na mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha sababu yake. Kwa hiyo usiombe kutolewa kwenye orodha, na ukiahidiwa kutolewa, kataa na uliandike kwenye muhtasari wa kamati ya tawi siku hiyohiyo. Weka nakala za barua zote nje ya ofisi. Mwenyekiti au mweka hazina awe nawe kila unapoitwa kwa mtendaji mkuu, hata wakisema ni mazungumzo ya dakika tano. Na kwenye kile kikao cha vigezo, pale jina lako linaweza kuguswa, mwachie mwenzako aongoze upande wa chama, wewe ukae pembeni kama mjumbe.